Siku Nilishukia Mama Mukwe Kutoka Juu

Hii habari, watu wa Uvira wanaieleza vizuri kuliko minye, na kila mumoja anaongeza yake, kwa hiyo naona bora niieleze mwenyewe, angalau hii ibaki ya kweli. Kama ulisikia ya kwamba nilianguka toka ndegeni, hapana. Kama ulisikia nilikuwa uchi, hapana pia (suruali ilipasuka, lakini kupasuka si kutoka). Lakini kama ulisikia kuna muntu alishuka toka juu, kichwa mbele, katikati ya ndagala, zile dagaa za kuanika, za mama mukwe wake, siku chache tu mbele ya wazee kwenda kumuombea binti, basi hiyo ni kweli, na huyo muntu ni minye.

Mujue kwanza kitu moja. Kwetu, muntu mwenye kutaka kuoa hakutani na mama mukwe ovyo ovyo. Ukimuona mu njia unatoka, unapita mu majani, na yeye anavuta kitenge ku uso, kila mumoja anajifanya hajaona kitu, njo heshima. Nyumbani kwake hauingie mpaka wazee wako wakutangulie, wakae, waseme, wakuombee, na hata hiyo siku weye unanyamaza kama kiti. Na Furaha, huyo binti, tulikuwa tumependana tangu zamani, kaka yake Bahati tulikuwa tunataniana kila siku, lakini mama yao, Mama Bahati, nilikuwa nimemuona mugongo tu. Yeye anauza ndagala kule Kalundu, anaanika ku muchanga kando ya ziwa, na minye kibanda yangu ya kuchaji telefone iko Mulongwe, upande ingine ya muji, kwa hiyo upande wa Kalundu nilikuwa naukwepa kama vile kuna mbwa mukali. Wazee wangu walikuwa wamepanga kwenda Jumamosi. Kila kitu ilikuwa sawa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa kimya na kutofanya kitu.

Njo akafika Dezire. Huyu ni mutoto wa hapa hapa, lakini alikulia Afrika ya Kusini, na kule kazi yake ni kupandisha watu ku deltaplani, ile bawa kubwa ya kitambaa na vyuma, haina moteri, munaning'inia chini yake watu wawili kama popo na mutoto wake, munakimbia ku mulima mpaka mulima inaisha, kisha upepo njo inawabeba. Alizunguka mu biro zote za serikali akapata ruhusa, na kwa sababu siku hizi kitu ikipita juu yetu hakuna mwenye kucheka, shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, akatuma muntu na megafone, kile kipaza sauti cha mukono, apite kila avenyu: «Kesho mukiona kitu juu, musikimbie. Haiko drone, haiko vita. Ni mutoto wetu anatembea.» Sasa muntu akikuambia usikimbie, utafanya nini, utatoka inje uangalie. Uvira yote ilitoka inje.

Na minye nikatoka. Nilipitia njia ya nyuma, ya mulimani, ili nisikaribie ziwa, nikafika kule juu ya Kalundu ambako watu walikuwa wamejaa wanagusa ile bawa na kuambiwa wasiguse. Dezire akaeleza, akaeleza, kisha akauliza, «Nani anataka twende naye?»

Nikanyoosha mukono.

Sikilizeni. Shule niliiachia njiani, hata ile mwaka ya mwisho ya primere, shule ya musingi, sikuimaliza, lakini kuna kitu moja ilibaki mu mwili wangu, ya kwamba ukitaka kuuliza unanyoosha mukono. Minye nilitaka kuuliza freni ya kusimamisha ile kitu iko wapi. Ni hiyo tu.

«Weye, mwenye shati ya manjano. Kuja,» Dezire akasema.

«Hapana, minye nilikuwa na swali.»

Nani alisikia? Watu walishaanza kupiga makofi, na mu ile makofi sauti ya Bahati ikatoka, kwa sababu kumbe naye alikuwa pale: «Huyo ni shemeji yangu. Aondoe woga mbele ya watu, leo tumuone.» Akanikaribia, akasema polepole, «Shemeji, kama unaogopa sema tu. Nyumbani nitawaeleza vizuri.»

«Nani anaogopa?»

«Hiyo miguu.»

«Miguu yangu iko hivi tangu nizaliwe.»

Muntu ambaye hana shemeji hataelewa. Ukirudi nyuma mbele ya kaka ya binti mwenye unataka kuoa, ile habari inafika nyumbani kwao mbele ya jua kuingia, na Jumamosi wazee wako wakisema «mutoto wetu ni mwanaume», kuna muntu atakohoa. Kwa hiyo nikaenda.

Wakanifunga. Walinivalisha ile gunia ya kamba za mabega na mapaja, wakanifunga kaske, ile kofia ngumu, ku kichwa, na Dezire akaniambia nilale nikining'inia chini ya bawa ili aone kama nashikwa vizuri. Nilishikwa vizuri sana, hata pumzi ilishikwa. Nikaomba kwenda kujisaidia. Nikarudi, nikaomba tena. Mara ya tatu Dezire akasema upepo haingojee kibofu ya muntu, lakini kumbe upepo yenyewe njo tulikuwa tunaingojea, itoke ziwani, na kusimama pale kungojea ni kitu mubaya kuliko kuruka, kwa sababu unakuwa na wakati wa kuangalia chini. Chini kulikuwa na mabati madogo madogo, na ziwa, na ng'ambo ile milima ya Burundi, na katikati ya vitu hivyo vyote hapakuwa na kitu ya kushika.

«Hii chuma mbele yetu njo usukani,» Dezire akasema. «Ni yangu. Usiiguse.»

«Hata kidogo?»

«Hata kidogo. Weye shika hii mikanda ku mugongo yangu.»

«Ulishawahi kuanguka?»

«Leo bado,» akasema.

Niliwaza kuomba kujisaidia mara ya ine. Lakini upepo ikaja, ile kitambaa ikalia juu ya kichwa yangu kama shuka yenye kukung'utwa, Dezire akasema kimbia, na mwili yangu, yenye haijawahi kunitii siku yoyote, siku hiyo ikatii. Tulikimbia. Nilikimbia kama muntu mwenye kufukuzwa, mawe yanapita chini, kisha mawe yakaacha kupita lakini minye nikaendelea.

«Baba,» Dezire akasema nyuma ya kitambo, «unaweza kuacha kukimbia. Udongo iliisha.»

Nilifumba macho. Nikafumbua kidogo, nikaona mugongo ya ndege, ile tai ya samaki, mugongo si tumbo, maana yake ndege ilikuwa chini na minye juu, nikafumba tena. Na kitu moja yenye kunishangaza: kule juu hakuna kelele. Nilikuwa nasikia mbuzi. Nilikuwa nasikia mwanamuke anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nasikia yule wa megafone anasema musikimbie. Lakini akili yangu haikupiga ile hesabu fupi, ya kwamba kama minye nawasikia wao, wao pia wananisikia.

Kwa hiyo nikaanza kusali, na kusali yangu haikuwa ya polepole. Nilimuambia Mungu mambo mengi yenye sitarudilia hapa. Kisha nikaacha Mungu nikaanza kumuita Furaha. Nilisema, Furaha, nakufa bila kukuoa. Nilisema, Furaha, uambie mama yako nilikuwa namuheshimu, njo maana nilikuwa namukimbia mu njia, haikuwa chuki. Nilisema hiyo kwa nguvu, nikirudilia, kwa sababu nilitaka ifike mbinguni mbele yangu. Dezire akaniambia nipumue. Nikamuambia apumue yeye.

Tukazunguka juu ya ziwa, tukarudi, tukaanza kushuka. Alikuwa ameniambia tutashukia ku kiwanja ya mpira, na kiwanja niliiona, ilikuwa mbele yetu, tupu, nzuri, ya kupendeza kuliko kitu yoyote nilishawahi kuona, na roho ikaanza kurudi. Njo nikaangalia kuume.

Kuume, kando ya kiwanja, kulikuwa na muchanga, na ku muchanga nyavu zimetandikwa, na ku nyavu ndagala zinang'aa kama bati mupya, na wanamuke wamesimama wanatuangalia, mukono ku paji. Mumoja kati yao alikuwa na ile kitenge ya kijani yenye nimeiona mugongo mara nyingi. Siku hiyo sikuiona mugongo. Niliona uso. Mama Bahati alikuwa ananiangalia uso kwa uso, na minye namuangalia, na kule juu hakuna majani ya kujificha.

Mikono ikafanya peke yake. Niliacha mikanda ya Dezire, nikashika ile chuma, nikaivuta kushoto kama guidon, usukani ya pikipiki, ili twende kushoto, mbali naye, heshima. Kumbe ile kitu haiko pikipiki. Ukivuta chuma kushoto, mwili yenu njo inaenda kuume, na bawa inafuata mwili. Kadiri nilivyovuta kumukimbia, njo tulivyomufuata.

«Achia,» Dezire akasema. «Achia, achia.»

Nikavuta zaidi.

Wanamuke wakatawanyika. Tulifika chini na vigurudumu vidogo vyenye viko ku ile chuma ya usukani, vikashika wavu, wavu ikatukokota au tuliikokota, tukateleza na tumbo tangu ndagala za kwanza mpaka ndagala za mwisho, na bawa ikainama pua ku muchanga, ikatufunika. Nilikuwa na ndagala mu kaske, mu shati, mu kinywa. Upepo iliniambia suruali imepasuka wapi. Dezire alikuwa muzima, akapumua, akasema polepole, «Nilikuambia hata kidogo.»

Nilitaka kukimbia. Lakini ile gunia ilikuwa imefungwa ku bawa na cheni ya chuma, na vidole vyangu havikujua kufungua. Nikavuta kitambaa ya bawa nikafunika uso. Kupitia kipande kidogo niliona miguu ya Mama Bahati. Ilikuja, ikasimama karibu, kisha ikageuka. Alikuwa amenipa mugongo, amevuta kitenge ku kichwa, anaangalia ziwa.

«Mama Sifa,» akasema kwa jirani yake, «muulize huyo muntu kama ameumia.»

Mama Sifa alikuwa katikati yetu, na kati ya minye na Mama Bahati kulikuwa urefu wa mukono moja tu. Akainama. «Wanakuuliza kama umeumia.»

«Muwaambie sijaumia. Naomba musamaha.»

«Hajaumia. Anaomba musamaha.»

«Muulize wazee wake wako wapi.»

«Wanauliza wazee wako wako wapi.»

Watu walishajaa. Hata yule wa megafone alifika, na kwa neema ya Mungu hakusema kitu.

«Muwaambie,» nikasema chini ya kitambaa, «wazee watakuja Jumamosi.»

Mama Sifa akabeba hiyo maneno. Mama Bahati akakaza kitenge ku kichwa. Akaangalia ziwa. Kisha akasema, «Mumuambie sisi tuko na mulango.»

Akaenda. Wenzake wakamufuata, hakuna mwenye kuinama kuokota hata samaki moja, na hapo njo niliogopa kweli, kuliko kule juu, kwa sababu mwanamuke wa Kalundu akiacha ndagala chini, maneno yenye iko mbele yake ni kubwa. Bahati akafika akikimbia toka mulimani, anacheka mpaka machozi, akaona mama yake anaenda, cheko ikakatika.

«Shemeji,» akasema, «hii sasa haiko utani.»

Jumamosi haikufika. Nasema ilifika ku kalandrie, lakini kwetu haikufika. Baba mukubwa wangu, mwenye alikuwa aseme kwa niaba yangu, alivua koti akaitundika: «Niende kuomba nini? Mutoto alishajipeleka mwenyewe, na wavu juu.» Telefone ya Furaha ilikuwa inalia bila kupokelewa. Minye muntu wa kuchaji telefone za wengine, yangu ilikuwa imejaa chaji na hakuna mwenye kuipiga. Sikukula vizuri. Wateja walikuja si kwa kuchaji, kwa kuangalia.

Kisha siku moja Bahati akakuja ku kibanda, akakaa, hakunitania, na hiyo ilinitisha zaidi.

«Wajomba walikaa,» akasema.

«Walikataa?»

«Walisema uje. Lakini uje na miguu. Toka hapa Mulongwe mpaka kwetu, mu barabara kubwa, nyuma ya wazee wako, polepole, watu wote waone unajua njia.»

«Na mama?»

Bahati akachezea kamba ya chaja. «Mama aliuliza kitu moja. Kule juu ulikuwa unaita nani?»

«Furaha.»

«Ndiyo. Alisikia. Kalundu yote ilisikia. Wajomba walitaka kukataa, yeye akasema, hapana, akiogopa anaita mutoto wangu.»

Kwa hiyo nilitembea. Baba mukubwa alivaa tena koti, wazee mbele, minye nyuma na koti ya kuazima yenye mikono mirefu, jua inatupiga, pikipiki zinapita na vumbi. Kwao tulipokelewa, wazee wakasema, wajomba wakajibu, minye nikanyamaza kama kiti, na Furaha nitamuoa. Lakini toka siku ile hata ku bati ya kibanda yangu, ikivuja, namuita muntu apande. Minye na hewa tuliachana. Na ile safari ya miguu sitaisahau: ku kila avenyu watu walikuwa wametoka inje kutungojea, megafone ilishapita kuwaambia, na wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wanaangalia juu kwanza, wanatafuta, wanatafuta, kisha njo wananiona chini.