Neno Ambalo Makoti Halitamki

Khethiwe Ngcamu alikuwa na miaka thelathini na minne alipoacha kutamka neno "amandla". Kwa mcheza dansi wa Durban, tena mwanamke anayetunga michezo juu ya haki za wanawake, ilikuwa kama mwalimu kukataa kushika chaki. Kwa Kizulu, amandla ni nguvu. Ndilo neno tunalolipaza kwenye maandamano, ngumi juu, na umati hujibu "Awethu!", yaani ni yetu. Khethiwe alikuwa amelipaza tangu sekondari. Ngumi yake ilikuwa imezoea kupanda yenyewe.

Aliliacha kwa sababu baba mkwe wake, marehemu, aliitwa Mandlenkosi. Makoti, yaani mwanamke aliyeolewa katika ukoo, hatamki jina la baba mkwe wake wala neno linalofanana nalo. Hulizunguka. Desturi hiyo huitwa hlonipha, na haiishi hata mzee akifa.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyemwita Khethiwe makoti. Alikuwa amefunga ndoa na Zodwa Mthalane, mwanamke mwenzake, mbele ya msajili wa serikali, miaka mitatu nyuma. Sheria haikuwa na neno. Mwenye neno alikuwa MaNgema, mama yake Zodwa, ambaye hakuja kwenye harusi na ambaye tangu siku hiyo alimwita Khethiwe "rafiki wa Zodwa". Akiwa na furaha alimwita "yule mrefu".

Siku ya kwanza alipojaribu ilikuwa jikoni kwa MaNgema, kule Umlazi, akikoroga uputhu, ugali wa mahindi wa chengachenga.

"Mama, uputhu wa leo unataka mtu mwenye kile cha mikononi."

"Mwenye nini?"

"Kile cha mikononi."

MaNgema alielewa papo hapo. Akaweka chini bakuli la maziwa ya mgando.

"Unamhlonipha nani?"

"Baba yake Zodwa."

"Nani alikutuma? Ng'ombe wa mahari walikwenda kwenu lini?"

"Mama, sisi ni wanawake wawili. Ng'ombe wangetoka upande gani kwenda upande gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma."

Zodwa, aliyekuwa mlangoni, alicheka hadi akatoka nje. Khethiwe hakucheka. Alirudi nyumbani na hasira aliyokaa nayo wiki nzima, na kwa kuwa hakujua kazi nyingine ya kufanyia hasira, akaitungia dansi.

Dansi yenyewe ilikuwa hivi. Anaingia jukwaani kama makoti, blanketi mabegani, kitambaa kichwani, anatembea kwa magoti na sinia mkononi. Anasimulia maisha ya mzee Mthalane, aliyebeba magunia ya sukari bandarini miaka ishirini na sita. Gunia lilikuwa ni Lindokuhle, mcheza dansi mwenzetu kikundini, ambaye Khethiwe alimbeba mgongoni karibu nusu ya mchezo. Kila simulizi lilipofika kwenye jina la mzee au kwenye neno la nguvu, mwili ulikwama: mguu mmoja hewani, mdomo wazi, bila sauti, mpaka mwili upate njia nyingine ya kupita. Kuna mahali alikwama hivyo kwa dakika nzima, na Lindokuhle juu yake.

"Dada," Lindokuhle alimwambia kwenye mazoezi, kichwa chini miguu juu, "wenzako wanatoroka ukweni usiku wa manane. Wewe unagonga mlango ufunguliwe uingie utumwani."

"Nyamaza. Wewe ni sukari."

"Sukari yenyewe ina hamu ya kushuka."

Verushka Pillay, mwenye tamasha, ndiye aliyempa nafasi: tarehe tisa Agosti, Siku ya Wanawake ya Afrika Kusini, saa nane mchana, ukumbi mkubwa. Alikuja kutazama mazoezi mara moja akatoka amekunja uso.

"Khethi, mama zetu wamehangaika wanawake wa nchi hii wafungue midomo. Wewe unakuja kuifunga jukwaani kwangu, tena siku hiyo?"

"Siifungi. Naonyesha."

"Watu wataona mwanamke aliyefungwa mdomo."

"Wataona mwanamke aliyeomba heshima ya kunyamaza akanyimwa."

"Hapo hata mimi nimepotea."

"Basi tuko wengi," Khethiwe alisema, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi.

Hicho ndicho kilichomchosha kuliko kumbeba Lindokuhle. Ukweni alionekana mwanaharakati aliyekuja kuchezea mila. Kwa wanaharakati alionekana mke aliyerudi jikoni. Alikuwa amejaribu kueleza kwa Kizulu na kwa Kiingereza, na kila alipomaliza kueleza, aliyesikiliza alimpa pole kwa jambo ambalo hakulisema.

Siku moja kabla ya onyesho tulifanya mazoezi ya mwisho, pamoja na taa na skrini ya tafsiri. Khethiwe akafika mahali pa kwanza pa kukwama. Mguu hewani, mdomo wazi, kimya. Nyuma yake, ukutani, kwa herufi zenye urefu wa mtoto wa miaka mitano, likatokea jina: MANDLENKOSI.

Khethiwe aliona nyuso zetu, akageuka.

"Nani ameandika?"

"Mimi," Verushka alijibu kutoka kwenye meza ya mitambo, kwa uso wa mtu anayengoja shukrani. "Palikuwa na pengo kwenye maandishi. Nilidhani ulisahau, nikakujazia."

"Verushka. Umemwandika baba mkwe wangu ukutani."

"Ni jina zuri."

"Pengo ndilo mchezo! Hilo pengo ndilo nimelifanyia kazi miezi minne!"

Verushka aliomba radhi kwa dhati, akafuta yote aliyokuwa ameyajaza kwenye mapengo. Kisha akauliza kwa upole kama mwishoni, baada ya makofi, Khethiwe atapaza wito na watu waitikie, kwa sababu ilikuwa Siku ya Wanawake na kila onyesho la siku hiyo humalizika hivyo. Khethiwe akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Sawa. Hapana."

MaNgema alikuja. Zodwa alikuwa amemwambia kwamba maisha ya mumewe yatasimuliwa mbele ya watu, naye akajibu, "Basi naja kusikiliza kama mtamsingizia." Alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Mahali pa kwanza pa kukwama, alikohoa. Mahali pa pili, alisogea mbele kwenye kiti. Mahali pa tatu, Khethiwe akiwa kwa mguu mmoja na Lindokuhle mgongoni, ukumbi wote umeshika pumzi, sauti ya MaNgema ikasikika:

"Miaka ya mwisho hakubeba! Alikuwa msimamizi!"

Watu walicheka. Khethiwe, bila kushusha mguu, akasema, "Alikuwa msimamizi," na Lindokuhle akateremka mgongoni taratibu, akasimama kando yake kama gunia lililostaafu. Hatukuwa tumepanga. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote tuliyopanga, na hadi mwisho Khethiwe hakulitamka jina hata mara moja.

Kisha makofi. Watu mia mbili wamesimama. Na Verushka, machozi yakimtoka, akasahau ahadi yake, akapanda jukwaani na kipaza sauti.

"Tupe, Khethi! Tupe wito!"

Umati ukaanza kupiga miguu. Tupe, tupe, tupe. Khethiwe alikuwa anahema, jasho machoni. Alituambia baadaye kwamba alikusudia kusema "niacheni". Alifungua kinywa alitamke hilo, na ngumi ikapanda yenyewe.

"Amandla!"

"Awethu!" Paa likatikisika.

Alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Safu ya mbele MaNgema akasimama, mkoba ukaanguka.

"We makoti! Unamfokea baba yako mbele za watu kama unauza samaki? Nani alikulea wewe? Huna haya!"

Ukumbi ulidhani ni sehemu ya mchezo, ukapiga makofi upya. Zodwa alishika kichwa kwa mikono miwili. Khethiwe alibaki amesimama kama kwenye mahali pa kukwama, ila safari hii miguu yote miwili ilikuwa chini.

Nyuma ya jukwaa watu walipanga foleni kumkumbatia.

"Ule mwisho!" Verushka alimwambia. "Umekata kamba! Umejikomboa!"

"Nimekosea, Verushka."

"Ndiyo maana umenigusa!"

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mtunzi "alivunja pingu za mila kwa neno moja". Khethiwe alilisoma mara mbili, akalikunja likawa dogo kama kiberiti. Miezi minne ya mguu mmoja hewani, na kilichosifiwa ni ulimi ulioteleza.

Lakini mlangoni, siku ya onyesho, MaNgema alikuwa amemsubiri kwa amri moja tu: "Jumamosi, kuku mweupe. Uje umwombe radhi." Na Khethiwe, ambaye siku tatu hakulala vizuri, alilala usiku huo akilirudia lile neno alilofokewa nalo.

Jumamosi saa mbili asubuhi tayari alikuwa Umlazi, kitambaa kichwani, kuku kwapani. MaNgema alimpeleka kwenye umsamo, ile sehemu ya nyuma ya nyumba ambako familia huzungumza na waliotangulia. Akachoma impepho, majani makavu ya kufukizia, moshi ukajaa. Zodwa na Khethiwe walipiga magoti nyuma yake.

"Baba Zodwa," alisema MaNgema. "Kuna mtu hapa amekutaja ovyo mbele za watu. Ni mtu wa Zodwa. Amekuja na kuku. Usimkasirikie, ana kelele tu."

Khethiwe alingoja. MaNgema alikohoa, akasema habari za mvua na za binamu aliyepata kazi, kisha akainuka akipangusa magoti. Neno makoti halikuja.

Uani, Khethiwe alinyonyoa kuku kama mtu anayegombana naye.

"Mama," alisema hatimaye. "Ukumbini uliniita makoti."

"Nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa."

Zodwa alimkanyaga mguu anyamaze. Hakunyamaza.

"Kesho nina onyesho la pili. Verushka amenipigia simu mara mbili. Anataka nilipaze tena, anasema ndiyo sehemu iliyopendwa."

MaNgema aliinama, akamgeuza yule kuku kwa kidole, akaonyesha mahali ngozi ilipochunika.

"Unamharibu. Mwagia maji ya moto kwanza." Akaanza kurudi ndani. Mlangoni akasimama, mgongo kwao. "Na ukilipaza tena, kuku mmoja hatatosha. Utaleta mbuzi. Mwambie huyo mwenye tamasha."

"Rafiki wa Zodwa" hatozwi mbuzi. Khethiwe alichukua simu kwa mikono iliyojaa manyoya, akampigia Verushka, akamwambia hapana, na alipoulizwa sababu, akakata.