Nilimchagulia binti yangu chuo kwa wivu wangu, leo barua ya posa imepita mlango wangu

Wakuu, poleni na kazi.

Kuna jambo dogo niliombwa, nikalikubali, na kila siku natamani ningelikataa. Nilikubali kumthibitishia binti yangu chuo kwa niaba yake. Ningesema tu, "Mwanangu, njoo ufanye mwenyewe," nisingekuwa naandika uzi huu.

Nitasema ukweli mtupu, hata pale unaponivua nguo. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, elimu yangu form four, mkulima wa kabichi na mapeasi huku juu ya Lushoto.

Binti yangu anaitwa Neema. Ni kitinda mimba, na ndiye mtoto wa kike pekee niliyenaye.

Alipomaliza form six aliomba kusoma Political Science. Vyuo viwili vikamchukua, kimoja Dar, kingine Dodoma. Ukipata viwili hivyo, mfumo unakutumia code kwenye simu, unathibitisha kimoja, kingine kinakwenda.

Yeye alikuwa na simu ya batani inayozimazima, kwa hiyo kwenye application tuliandika namba yangu. Na wiki hiyo alikuwa Rangwi akimuuguza shangazi yake aliyevunjika mguu. Kule network hadi upande kilimani.

Aliniambia, "Baba, code ikija nenda stationery uniwekee Dar. Baba mdogo ameshasema nitakaa kwake."

Hapo ndipo penye ugonjwa wangu.

Baba mdogo ni Yona, mdogo wangu anayenifuata. Yeye alisoma siasa chuo hicho hicho cha Dar, akapata kazi, akajenga huko huko. Kila Krismasi akipanda huku, Neema hakai na mtu mwingine. Watakaa jikoni karibu na moto wanabishana mambo ya bunge na katiba mpaka chai inapoa.

Na mimi nikichangia neno, wananyamaza wote wawili. Wananisikiliza kwa adabu kabisa. Halafu wanaendelea pale walipokuwa wameishia.

Wakuu, adabu ile ilikuwa inanichoma kuliko tusi.

Mwanangu namlea mimi, karo nalipa mimi, halafu macho yanang'aa kwa mwingine. Nikawaza, miaka mitatu nyumbani kwa Yona, huyu mtoto atarudi wa nani?

Code ikaingia. Nikashuka mjini.

Dada wa stationery akafungua, akaniuliza, "Mzee wangu, Dar au Dodoma?"

"Dodoma."

"Mwenyewe ndivyo alivyosema? Maana watu wanakuja kunililia hapa."

"Mimi ndiye baba yake," nikamjibu.

Akabonyeza.

Jioni Neema akapanda kilima akanipigia. Nikamwambia Dar hawakumchukua, amepata Dodoma tu. Akasema, "Basi Mungu ndiye anayejua. Asante baba kwa kunihangaikia."

Kesho yake Yona akapiga. "Kaka, shikamoo. Nimeona jina la Neema, mheshimiwa wetu, kwenye orodha, kapata viwili! Huku mama watoto ameshahamisha cherehani yake, chumba kiko tayari."

Nikamwambia binti amechagua Dodoma.

"Kachagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akacheka, lakini cheko lilikuwa fupi. "Haya, mheshimiwa katunyima kura. Nisimpigie, asije akadhani namlaumu."

Uongo wangu ukakaa salama kwa sababu Yona ni mstaarabu. Nieleweke, chuo cha Dodoma hakina kosa lolote. Kilimfundisha vizuri na amefaulu vizuri. Kosa ni langu.

Mwaka wa pili Neema akapangiwa field Dar, akafikia kwa Yona. Siku ya kwanza tu mezani, Yona akamtania, "Mheshimiwa, leo umetukumbuka? Si ulituona hatufai ukakimbilia Dodoma?"

"Baba mdogo, si Dar walinikataa?"

"Nani akukatae? Jina nililiona kwa macho yangu."

Yona akatafuta ile PDF ya majina kwenye simu yake. Haya nimeyajua kwa sababu Neema alinipigia usiku huo huo.

"Baba, ile code ilikuja?"

"Code gani?"

"Baba."

Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia ilikuja.

"Stationery ulikwenda wewe?"

"Nilikwenda."

"Haya baba. Msalimie mama."

Hakunigombeza. Angenigombeza labda tungepona. Shikamoo ananipa mpaka leo, pesa ya dawa anatuma. Ila maswali yalikwisha. Zamani aliniuliza kila kitu, hata rangi ya begi. Sasa kila kitu anamuuliza Yona.

Siku ya mahafali tulipiga picha, mimi kulia kwake, Yona kushoto. Picha ile nimeikuza kwenye simu mara nyingi, natazama bega la mtoto limeegemea upande gani. Limeegemea kushoto.

Wiki iliyopita Yona kanipigia.

"Kaka, shikamoo. Kuna wazee wamefika hapa kwangu na barua ya posa ya Neema."

"Wamepotea njia?"

"Hapana kaka. Ni mtoto ndiye aliyewaelekeza. Nimewaambia waipandishe Lushoto, mtoto amekataa. Nisamehe sana kaka."

Yaani yeye ananiomba mimi msamaha! Nikaona nimwage yote. "Yona, ile ya Dodoma nilifanya mimi."

"Najua kaka. Tangu siku ile ya PDF."

Miaka yote hiyo alijua, na hakuacha kuniamkia. Nitakiri na hili: hata moyo wake ule mzuri nimeuonea wivu.

Nikamwambia aipokee.

Wazazi wenzangu, mtoto akipenda kukaa na ndugu yako, usihesabu kwamba wewe umepungua. Mimi nilihesabu hivyo. Na kama code ya mtoto imeingia kwenye simu yako, mpe mwenyewe.

Mnaotaka kunisema, nisemeni, nitasoma zote. Na aliyewahi kuvunja kitu kama hiki na mwanaye kisha akakijenga upya, aniandikie alianzaje.

Majibu ya barua yatatolewa Jumamosi, Dar, sebuleni kwa mdogo wangu. Yeye atakaa kiti cha baba. Mimi nimealikwa.