Kiatu cha Mama

Jana jioni, mbele ya Mama, nilimwomba nesi kwa Kiingereza amtunze nikiwa safarini. Leo asubuhi kiatu changu kimoja hakikuwepo mlangoni.

Pale pale nilirudi Gitega, utotoni, kwenye harufu ya maharage na makaa. Mama alikuwa uani na jirani yetu, Mama Keza. Wakubwa walipotaka tusielewe, walihamia Kiingereza.

"Please look after her," Mama akasema, akinitazama mimi.

Nilielewa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba "look after" ni kutunza, na mfano wake ubaoni ulikuwa wa yatima anayetunzwa na shangazi. Mfano mwingine sikuujua. Basi Mama alikuwa anakwenda kufa. Nikakificha kiatu chake kimoja ndani ya gunia la makaa.

"Kiatu changu kiko wapi?"

"Sijui, Mama."

Akaondoka na ndala, nami nikabaki kizingitini. Kumbe alikwenda kung'olewa jino tu. Alirudi kabla maharage hayajaiva, shavu limevimba.

Leo nilimkuta Mama kitandani, amejifunika hadi kidevuni, mikono imekumbatia kitu kifuani.

"Sijui kiko wapi," akasema, kabla sijauliza.