Fundi wa Redio Aliyelala Kwangu

Meneja wetu alikwenda semina Mwanza siku tatu, akarudi na imani mpya. Alituambia kwamba kampuni yenye akili haifanyi kila kitu yenyewe. Mambo ya mitambo inawaachia wataalamu wa nje, yenyewe inabaki na kazi inayoijua. Kazi yetu sisi ilikuwa kununua pamba, na hata hiyo tulikuwa hatujaijua sana. Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusu watu binafsi kuingia kwenye pamba, nasi tuliingia kama mtu anayeingia ziwani bila kupima kina.

Ofisi ilikuwa Musoma, mtaa wa Iringo. Ghala kubwa lilikuwa Bunda, kule Manyamanyama, na kituo cha kununulia kilikuwa Butiama. Sehemu hizo tatu zilizungumza kwa vikaratasi tulivyowapa makondakta wa mabasi. Kondakta akisahau kikaratasi mfukoni, lori linakwenda Butiama kubeba pamba ambayo bado iko shambani, huku Bunda mzigo umejaa mpaka mlangoni. Msimu mmoja wa namna hiyo ulimtosha meneja. Akaagiza redio za upepo, zile za kubonyeza na kuongea, seti tatu, pamoja na fundi wa kuzifunga kutoka Mwanza.

Usimamizi akanipa mimi, mtunza stoo. Sababu ni kwamba niliwahi kufungua redio kaseti ya ofisi ikapona. Aliniita, akafunga mlango, akasema msimu ukifunguliwa redio haziongei, stoo atapewa mtu mwingine. Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo nilipoogopa. Nyumbani nilikuwa na mke, watoto wanne, na mama yangu, ambaye tulimleta kutoka Majita baada ya baba kufariki. Wote walikuwa wanakula kwenye stoo ile. Usiku nikamnong'oneza mke wangu maneno ya meneja, mama akiwa chumba cha pili.

Fundi alikuja zikiwa zimebaki wiki tatu msimu ufunguliwe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekumbatia boksi lake la vifaa muda wote. Meneja hakuwa amefikiria atalala wapi, akasema atalala kwangu. Mradi uliharibika hapo hapo, maana mtu akishalala kwako si fundi tena, ni mgeni.

Sijui kwa wengine, ila mimi nililelewa kwamba mgeni haulizwi amefuata nini. Analishwa, anapumzishwa, na siku akijisikia kusema shida yake ataisema. Kumuuliza ni kumfukuza. Kwa hiyo siku ya kwanza tukampa sato mkubwa, na kichwa kikawa chake. Siku ya pili tukachinja kuku. Siku ya tatu mke wangu akatoa sukari yote mezani, sukari ya watu waliowahi kuipangia foleni miaka ya shida na hawajasahau, na mgeni akatia vijiko vinne kwenye kikombe. Hakuna aliyekohoa.

Kila asubuhi alikunywa chai, akavaa viatu, akakaa barazani na boksi lake miguuni, akanitazama. Nami nikamtazama. Nilidhani anasubiri hali fulani ya hewa, maana mafundi wa mitambo wana siri zao. Nikaenda kazini, meneja akauliza mtaalamu anaendeleaje, nikajibu anaendelea vizuri. Sikusema uongo, kwani alikuwa ameanza kunenepa. Siku ya nane nilimtembeza mjini akaone ziwa. Alilisifia sana, ingawa kwao Mwanza ziwa ni hilo hilo.

Mama aliyaona hayo yote huku akichambua mboga, akanyamaza kwa heshima ya nyumba ya mwanawe. Siku ya tisa heshima ikamwishia.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "huyu mgeni wako kazi yake anaifanyaga saa ngapi?"

Nikamwambia si vizuri kumuuliza.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe umefika ya tisa, bado unampa kuku."

Kesho yake asubuhi nikakuta jembe limeegemezwa karibu na viatu vya fundi. Nilitaka kulificha, lakini akanikuta nimelishika. Akaliangalia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje, akalichukua na kumfuata mama kwenye viazi vyake nyuma ya nyumba. Nilibaki mlangoni nimeaibika, nikiwaza Mwanza wataniambia nini.

Wakati wanapiga matuta, mama alimuuliza yote niliyoshindwa kuyauliza. Alikuja kufanya nini? Mbona hafanyi? Kinachokosekana ni kipi? Hadi chai inaiva, fundi alikuwa amemwambia kila kitu. Barua ya kampuni ilimtaka aje kufunga redio, basi. Haikusema zifungwe wapi, nguzo atatoa nani, betri ziko kwa nani, wala nani atafundishwa kuzitumia. Alikuwa anasubiri kuonyeshwa. Hakuuliza kwa sababu na kwao mgeni hamsumbui mwenyeji wake kwa maswali. Aliona hatujajiandaa, akatuonea huruma, akaona atunyamazie.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Watu wazima wawili, tuliolelewa vizuri, tulikuwa tunaimaliza kazi yangu kwa adabu.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyeusimamia mradi, mimi nikawa miguu yake. Utaratibu wake ulikuwa mfupi, na katika ofisi zote nilizopita baadaye sijaona uliouzidi. Asubuhi, kabla ya chai, fundi anataja kazi ya leo. Jioni, kabla ya ugali, tunakwenda kuiona kwa macho. Nguzo ikiwa haijasimama, ugali unasubiri. Nguzo za mikaratusi zikasimama Iringo, zikafuata za Manyamanyama, na za Butiama tukazichimbia kwenye mawe mpaka mikono ikachubuka. Makarani wa Bunda na Butiama wakafundishwa kubonyeza, kuongea na kuachia.

Nikadhani tumemaliza. Mama akamuuliza fundi, yeye akishaondoka, redio ikiugua nani ataitibu. Fundi akasema wampigie simu, atakuja. Mama akamwambia Mwanza ni mbali na simu ya posta tunaijua. Ikabidi anifundishe. Alitandika mkeka, akafungua redio, akaisambaza, akaweka mikono nyuma na kuniambia niirudishe. Mara ya kwanza nilibakiza skrubu mbili. Mama, ambaye hajawahi kushika skrubu maishani, akasema kitu kizima hakibakizi, nianze upya. Nilianza upya mara nne.

Fundi akaondoka na kiroba cha dagaa, siku mbili kabla ya msimu.

Siku ya kufungua tulikuwa Butiama. Meneja alikuwa amealika wageni, wakulima wamejaa na mizigo yao. Akashika kipaza sauti, akaita Bunda. Kimya. Akaita tena. Hata ule mkoromo wa redio haukuwepo. Akanigeukia taratibu.

"Fundi yuko wapi?"

Nikasema ameshaondoka. Niliiona stoo ikienda. Nikafungua redio kama ilivyofunguliwa mkekani. Fyuzi nzima. Waya nzima. Nikafuata waya mpaka kwenye betri, ndipo karani wa kituo akaanza kusafisha koo. Akasema kwaya ilikuwa imeiazima betri ile ikapige vyombo harusini Kiabakari. Waliirudisha kwa wakati na wakashukuru sana, ila walirudisha betri tupu.

Nikachomoa betri ya lori letu, nikaifunga. Redio ikakoroma, na karani wa Bunda akaitika. Naye alikuwa mtu wa adabu. Hakuweza kuanza na pamba. Aliuliza habari za Butiama, mvua, ng'ombe, na kama mgongo wa meneja umepona, na wakulima wakawa wanamjibu kwa pamoja huku meneja akihangaika kutafuta nafasi. Mwishoni akasema kwao pamba imemiminika tangu alfajiri, ghala limejaa, lori liende haraka. Lori halikuweza kwenda, betri yake ilikuwa inaongea na yeye. Wakulima wakalisukuma mpaka likawaka, likaenda.

Meneja akawaeleza wageni kwamba haya ndiyo matunda ya kuwatumia wataalamu wa nje. Mimi akaniambia, "Kesho ufungue stoo mapema." Nikaelewa.

Nilirudi nyumbani na haraka ya kumwambia mama. Nikakuta karibu na mlango mzigo umefungwa ndani ya kitenge, na mkeka wake umeviringishwa juu yake. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akauliza kwanza kama redio zimeongea. Nikasema zimeongea, na stoo bado yangu. Akakaa chini.

"Zisingeongea, kesho ningepanda basi la Majita," akasema. "Watoto wako wanakulaga sana, baba. Ingekuwa afadhali mdomo wangu upungue."

Wiki zote zile nilidhani amechoshwa na mgeni tu. Nililia pale mbele ya watoto wangu, mtu mzima na funguo za stoo mfukoni. Kisha nikapiga magoti kuufungua ule mzigo. Alikuwa ameufunga kwa nguvu kweli, ikabidi nitumie meno.