Cheti Kilichopitia Jikoni

Katika nyumba ya mwalimu wa sanaa za mikono, majani ya chai yalinunuliwa kwa wingi na kunywewa kwa nadra. Kazi ya majani hayo ilikuwa kuzeesha karatasi. Kila muhula wanafunzi wake walitengeneza barua za mababu na ramani za hazina, naye hakuwa tayari kuona babu wa watu akiandika kwenye karatasi iliyotoka dukani juzi. Alichemsha majani mpaka maji yakawa meusi tititi, akachovya karatasi, akazinyunyizia kahawa ya unga zipate madoa, akachanachana kingo kwa kucha, kisha akazikausha kwenye oveni kwa moto wa kubembeleza. Mumewe, ambaye kila asubuhi alikunywa maji ya moto matupu akiwa ameinamisha uso kwa kuwa majani yameishia kwenye karatasi, alimwita Mama Majani. Mtaa mzima ukalidaka jina.

Wiki hiyo mama mkwe wake, aliyeishi nao, hakuwa na hamu ya mzaha. Binti yake aliyeolewa ng'ambo alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na bila pasipoti bibi angemwona mjukuu kwenye simu tu. Cheti chake cha kuzaliwa kililiwa na mchwa zamani, akapewa nakala mpya, halali, yenye mhuri. Karani wa pasipoti aliigeuzageuza kana kwamba ameuziwa samaki aliyeoza.

"Bibi, una miaka sabini na moja, cheti kinanuka wino. Lete kile cha zamani."

"Cha zamani kimo tumboni mwa mchwa. Nikuletee mchwa?"

"Cha zamani, bibi. Anayefuata."

Alirudi amefura, akakibwaga cheti kifudifudi juu ya meza ya jikoni, palipokuwa na karatasi arobaini tupu zikingoja zamu yao. Kesho yake asubuhi mwalimu alizikusanya zote bila kuzihesabu. Alipofungua oveni ndipo alipouona mhuri wa serikali umetulia katikati ya madoa ya kahawa, na kingo amezichana mwenyewe, kwa ustadi wa kusikitisha.

Akakipeleka cheti kwa mama mkwe. "Mama, nimekumaliza."

Mama mkwe alivaa miwani. "Maandishi yanasomeka?"

"Yanasomeka."

"Mhuri upo?"

"Upo, mama, lakini…"

"Basi vaa viatu. Na tukifika kule, mdomo wako ni wa kupumulia tu."

Dirishani, karani alikiinua cheti kwenye mwanga, akakishika kwa ncha za vidole kisije kikavunjika.

"Sasa hiki ndicho. Jana ulikuwa unanichezea tu, bibi."

Mwalimu, mtu wa kusahihisha hata matangazo ya ukutani, aliiona tarehe ya kutolewa kwa cheti: wiki ile ile, kwa herufi nene. Akafungua mdomo. Kisigino cha mama mkwe kikatua juu ya vidole vyake vya mguu.

"Mbona kinanukia chai?" karani aliuliza.

"Kilikuwa jikoni," mama mkwe alijibu, na hakusema uongo.

Karani aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaigonga mhuri fomu ya pasipoti.

Walipotoka nje, mwalimu alikuwa anachechemea na kuchemka. "Mtu ameajiriwa kusoma, mama, na hakusoma hata tarehe."

"Mshukuru. Angesoma, mwanangu angejifungua bila mama yake." Bibi alikibana kipochi chake kwapani, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Tukifika nyumbani unipikie chai, mkwe wangu. Nzito."

Mwalimu akainamisha uso, kama mumewe kila asubuhi.