Ubao wa Dungu la Bibi

Mwalimu mwenye kituo cha tuisheni pale Ikwiriri aliniambia nichague neno moja la Kiingereza, nije kulifundisha mbele ya wanafunzi wake. Nikifaulu, nafasi ya msaidizi ni yangu. Niliitikia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kisha nikaenda nyumbani kupekua kamusi.

Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kamusi iliyopoteza jalada. Hakuna aliyewahi kunisahihisha, ndiyo maana naishi na hofu kwamba kuna kosa kubwa ninalolirudia kila siku na watu wanaona haya kuniambia. Hata ujumbe wa kuomba chumvi kwa jirani nausoma na kuusoma tena kabla sijautuma.

Nilichagua board. Nililipenda kwa sababu lilinishinda. Kamusi ilisema ni ubao. Sawa. Halafu ikasema ni chakula anachopewa mpangaji, ni watu wanaosimamia shule, ni kupanda meli. Nikajiuliza Waingereza waliishiwa maneno au vipi. Maana zote nilizikariri, ila sikuweza kueleza zimekutanaje, na mwalimu yule, mtu wa Bukoba anayesikiliza huku amefumba macho, lazima angeuliza.

Siku moja kabla ya jaribio nilikuwa Ngorongo, namsaidia bibi kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa unakomaa. Tulikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, tukigonga makopo kila ndege walipotua. Nilikuwa natembea humo juu nikifanya mazoezi, maana hii, maana ile, mpaka bibi akachoka.

"Kaa chini, mjukuu wangu. Ndege wenyewe wameshajua Kiingereza."

Nikakaa. Akaweka sinia la wali na kambale katikati yetu, juu ya ubao mpana uliogongelewa kwenye sakafu ya dungu, ambao marehemu babu aliununua Kiongoroni, kule delta, mashua moja ilipovunjwa. Bado una matundu ya misumari na nyuzi za pamba ya kuzibia maji. Tunakula juu yake. Sinia likiondoka, bibi anajinyoosha papo hapo. Na wajomba wakija kupanga kazi za mavuno, huuzunguka ubao huohuo, na walisemalo ndilo linalofuatwa.

Tonge lilibaki mkononi. Nilishasoma kwamba zamani za kale neno lile lilikuwa ubao tu, na ubavu wa chombo cha majini, lakini nililisoma hivihivi. Sasa nilikuwa nimelikalia! Waingereza hawakuishiwa maneno, walikuwa na ubao mmoja wenye kazi nyingi. Ulipowekewa miguu, ukawa meza. Chakula kikaitwa kwa jina la meza. Waliokaa mezani kuamua mambo wakaitwa vivyo hivyo. Na aliyeingia chomboni aliingia ndani ya mbao zake. Nikacheka peke yangu, ndege wakala wapendavyo.

Nikamwomba bibi ubao.

"Nilale wapi?"

Nikamwahidi kwamba kesho yake utarudi kabla ya magharibi. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa mguu, kisha akaanza kutafuta nyundo.

Asubuhi dereva wa bodaboda aliufunga ubavuni mwa pikipiki, akaniuliza kama nimeachika. "Maana wenzio hubeba godoro, sista." Njia nzima sikuyaogopea matamshi yangu hata kidogo. Niliuogopea ubao.

Darasani niliulaza juu ya viti viwili. Kadi nilizoziandika kwa mwandiko wa kujipendekeza zilibaki mkobani. Niliwauliza wanafunzi, ungekuwa wenu mngeufanyia nini? Mmoja wa kutoka delta alisema angezibia mashua. Mwingine angekula wali juu yake. Kila jibu likanifikisha kwenye maana nyingine. Tulipofika kwenye shule za bodingi, msichana mmoja akabisha kwamba bodingi ni kulala. Nikamwambia neno lenyewe ni kula, kitanda kimekuja kwa kuifuata meza. Darasa likalipuka kwa mabishano ya maharage ya bodingi, nami nikawa naongea mbio, nakosea, narudi nyuma, wala sijali.

Mwalimu akafumbua macho. Akataka kujua, kabla ya Kiingereza cha kale, neno lilitoka wapi. Nilijua lina ndugu kwenye Kijerumani na Kiholanzi. Zaidi ya hapo, giza.

"Sijui, mwalimu."

Sikumbuki kama nimewahi kusema hivyo bila kuomba radhi.

Akasema nianze Jumatatu, na ubao niuache, kwani darasa lina upungufu wa viti.

"Haiwezekani, mwalimu. Bibi yangu anaulalia."

Nilidhani nimeiharibu kazi papo hapo nilipoipata. Alicheka, akaniambia basi niwahi.

Nilifika shambani jua halijazama. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa pengo la sakafu, miguu inaning'inia, kopo mkononi. Hakuuliza habari za kazi.

"Umekuja nao?"

Nikaupandisha. Tukiugongelea, ndipo nikaanza kumsimulia, harakaharaka, nikikosea na kurudia, na yeye akinishikia misumari.