Ndala Kwenye Foleni

Jozi kumi na moja za ndala zilikaa mbele ya duka, mita moja moja, kila jozi ndani ya duara lake la chokaa. Wenye nazo walikuwa wamebanana kwenye benchi moja kivulini, bega kwa bega, wakila mihogo ya kukaanga kutoka sahani moja.

Hivyo ndivyo tulivyokaa mbalimbali Mbamba Bay mwaka ule wa korona.

Watalii walikuwa wameondoka na nyumba za wageni za ufukweni zimefungwa. Duka lililozoea kuwauzia maji ya chupa likabaki na sisi. Mwenye duka alifuata maagizo: ndoo ya kunawia mlangoni, mteja mmoja ndani, maduara nje. Lakini sisi tumezoea foleni ya bombani, ambapo ndoo inapanga mstari na mwenyewe anaendelea na mambo yake. Asubuhi ile sukari ilikuwa imeshuka kutoka Mbinga baada ya siku nyingi za kuikosa, na watu wakapanga ndala.

Shangazi yangu alikuwamo. Yeye hununua usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwapelekea wachuuzi wa Mbinga. Alikuwa akinusa kapu mara moja tu na kujua kama usipa ni wa leo au wa jana. Kifua chake ni kibovu, ndiyo maana nilimsihi abaki nyumbani. Alikuja.

Mimi nilisimama juani, ndani ya duara langu.

"Mwalimu, unalinda ndala zisiibwe?" mama mmoja akauliza. Benchi zima likacheka.

"Shangazi, njoo usimame kwenye duara lako."

"Ndala zangu zimesimama. Wewe endelea. Ukikauka tutakuuza pamoja na usipa."

Mwenye duka akaita anayefuata. Zamu ilikuwa ya ndala za bluu, na jozi mbili za bluu zilikuwa zimefuatana. Wanaume wawili wakazigombea. Benchi zima likainuka kutoa ushahidi, vichwa vikainamia ndala, shangazi katikati.

"Hii kisigino chake kimelika upande, ni ya baba huyu!"

Mmoja wa wale wawili alikuwa akikohoa. Alisema ni vumbi la mashine ya kusaga. Nilipaza sauti watawanyike, hakuna aliyenisikia. Kwa hasira nikaacha duara langu, nikajipenyeza katikati yao kuwatenganisha.

Baada ya wiki moja shangazi akashikwa na homa. Akajifukiza kwa majani ya mchaichai na mwarobaini, akapona. Pua haikupona. Hakupimwa, wala mimi sikupimwa, ingawa nilikuwa na mafua siku hizo hizo.

Siku hizi akienda kununua usipa hunichukua.

"Nusa wewe," ananiambia, wavuvi wakitabasamu.

Mimi sina pua yake. Jana nilinusa makapu matatu, nikamwambia ni wa leo, akayapakia kwenye gari la Mbinga. Wachuuzi bado hawajapiga simu.